Picha zilizochomwa

Mururu, wilayani Rusizi nchini Rwanda, imetenganishwa na Kongo na mto tu. Ng'ambo, Bukavu, lugha ya ofisini ni Kifaransa, nacho husema picha zinazotiwa kwenye sidii "zimechongwa": graver. Kiswahili kikachagua kuchoma. Mzee akiambiwa picha za harusi zimechomwa, si atauliza nani kaziwashia kiberiti? Ila neno limelenga. Leza hupasha joto rangi iliyo ndani ya diski, ikaacha alama. Tena kuchoma kwetu si moto tu: mwiba huchoma, sindano huchoma. Kuchonga, kwa maoni yangu, kungezifaa zaidi sidii za kiwandani, ambazo vishimo vyake hugandamizwa kwa chapa.