Chenga kwenye kompyuta: kabla hujakimbilia busta, rudi 1948

Kuna kizazi kilichoangalia TV kwenye kompyuta kabla YouTube haijazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kijana wa Marekani mwenye kompyuta na chumba kidogo hakuhitaji kununua TV. Alinunua kadi ya TV, akaichomeka ndani ya mashine, akaunga kebo ya ukutani, kazi imeisha. Mechi anaangalia, tamthilia anarekodi.

Tatizo lilikuwa chenga. TV ya sebuleni safi kabisa, kompyuta ya chumbani kama mtu kamwaga mchele kwenye kioo. Lawama zote kwa kadi. Wengine wakabadilisha kadi, wengine wakanunua busta na kuifunga nyuma ya kompyuta. Chenga palepale.

Kumbe jibu lilishapatikana nusu karne nyuma.

Mwaka 1948, mjini Astoria, jimbo la Oregon, jamaa mmoja mwenye kituo cha redio alikuwa na mke anayetaka TV. Kituo cha karibu kilikuwa Seattle, kama kilomita 200 hivi, na vilima katikati. Jamaa akazunguka mji kutafuta mahali mawimbi yanapofika, akayakuta juu ya paa la hoteli jirani na kwake. Akafunga antena huko, akavuta kebo mpaka sebuleni. Picha ikaja, na watu wakaja. Nyumba ikajaa wageni mpaka ikabidi avute waya mwingine hadi ukumbi wa hoteli. Aliyekulia mtaa wenye TV moja anaijua hiyo sebule vizuri.

Angalia alichofanya. Hakugusa TV. Alifuata mawimbi pale yalipo na nguvu, halafu akayalinda njiani. Hapo ndipo wengi wenye kadi za TV walipokosea.

Kebo inakula mawimbi kadiri inavyorefuka, na chaneli za masafa ya juu ndizo zinaumia kwanza. Splita nayo haigawi bure. Ya njia mbili inapunguza kama desibeli 3.5, yaani kila upande unapata chini ya nusu. Ya njia nne, chini ya robo. Sasa kompyuta ya chumbani mara nyingi ilikuwa ya mwisho kwenye foleni, baada ya splita mbili tatu. Ukifunga busta hapo mwisho, inakuza picha na chenga zake pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Walioshtuka walianzia mwanzo wa waya. Splita zisizo na kazi wakazitoa. Kebo nyembamba ya RG-59 wakaibadilisha na RG-6. Busta, kama ilihitajika kweli, wakaifunga kabla ya splita ya kwanza, mawimbi yakiwa bado masafi. Matundu matupu ya splita wakayaziba kwa vizibo vya omu 75, maana mawimbi yakigonga tundu wazi yanarudi nyuma na kuleta vivuli kwenye picha. Kadi yenyewe wakaisogeza mbali na kadi ya michoro, kwa sababu ndani ya kompyuta kuna kelele nyingi za umeme. Ndiyo maana sehemu ya kadi inayopokea chaneli ilifungiwa kwenye kiboksi cha bati.

Halafu dijitali ikaja. Vituo vikubwa vya Marekani vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009. Dar es Salaam ikazima 31 Desemba 2012, watu wakahamia kwenye ving'amuzi. Chenga zikafa, ila ugonjwa wake upo. Tofauti ni kwamba chenga zilikuwa zinakuonya mapema. Dijitali haionyi: picha safi, ghafla vipande vya mraba, inaganda, kioo cheusi. Dakika ya 89, penalti.

Hata WiFi ni hivyohivyo. Ukiweka ripita kwenye kona ambayo mtandao umeshachoka, itarudia uchovu huohuo.

Kwa hiyo king'amuzi kikigoma leo, usikitukane kwanza. Fuata waya mpaka unapoanzia. Kaza viungo, toa splita ya bure, angalia palipoliwa na panya. Inawezekana hela ya king'amuzi kipya ikabaki mfukoni.