Juzuu Mbili za Mwaka 1929: Alastair Lamb na Mipaka ya Himalaya

Watawala wa Kiingereza nchini India walikuwa na kitabu walichokitegemea kama karani anavyotegemea leja: mkusanyo wa mikataba yote waliyofunga na wafalme, machifu na majirani zao, ulioitwa kwa jina la ofisa aliyeuanzisha, Aitchison. Juzuu ya 14 ina nakala za aina mbili, na zote zimeandikwa mwaka 1929. Ya kwanza inasema kwa kifupi kwamba katika mkutano wa Simla wajumbe waliweka herufi za majina yao kwenye rasimu, kisha serikali ya China ikamkataza mjumbe wake kutia saini kamili. Ya pili inachapisha rasimu hiyo kama mkataba, pamoja na barua zilizoweka mpaka kati ya India na Tibet. Hii ya pili ilipigwa chapa mwaka 1938. Nakala za ile ya kwanza ziliagizwa zirudishwe ziteketezwe, lakini si zote zilizorudi. Moja ilibaki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, na mwanadiplomasia Mwingereza, John Addis, akaikuta huko mwaka 1963.

Udanganyifu huo wa uchapishaji hauna maana bila kujua nini kilitokea Simla. Kati ya Oktoba 1913 na Julai 1914, Sir Henry McMahon, katibu wa mambo ya nje wa serikali ya India, alikaa mezani na Ivan Chen wa China na Lonchen Shatra wa Tibet. Ajenda rasmi ilikuwa hadhi ya Tibet mbele ya China. Pembeni, tarehe 24 na 25 Machi 1914, McMahon na Lonchen Shatra walibadilishana barua na ramani ya mpaka wa mashariki mwa Himalaya, na China haikushirikishwa. Uingereza ilikuwa na sababu ya kuficha. Mwaka 1907 ilikuwa imekubaliana na Urusi kwamba hakuna atakayezungumza na Tibet isipokuwa kwa kupitia China. Kwa hiyo makubaliano yale yalikunjwa yakatiwa kabatini, na kwa miaka 20 hivi hata maofisa wa Assam walifanya kazi kana kwamba mstari uliochorwa kwenye ramani ile haupo.

Aliyeufufua ni Olaf Caroe, ofisa wa idara ya mambo ya nje mjini Delhi, na chanzo chake kilikuwa mtafuta maua. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Frank Kingdon-Ward aliingia eneo la Tawang, kwenye mpaka huo, bila ruhusa, Tibet ikalalamika, na Caroe alipofukua majalada ili ajue ardhi ile ni ya nani, akakutana na McMahon. Miaka mitatu baadaye juzuu mpya ikatoka, yenye tarehe ya zamani.

Katika wanahistoria walioufuatilia mkondo huu, naona Alastair Lamb ndiye anayestahili kusomwa kwanza, hata na wasiokubaliana naye. Alizaliwa Harbin, China, mwaka 1930, mtoto wa mwanadiplomasia wa Uingereza, akafa mwaka 2023. Alisoma Cambridge, akafundisha Malaya, Ghana na Australia, na huko Kedah, Malaya, alichimbua na kusimamisha upya hekalu la kale la Bukit Batu Pahat. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilihusu njia ya Waingereza kuelekea Lhasa; cha 1964 kilihusu mpaka wa China na India; kisha mwaka 1966 akatoa The McMahon Line kwa juzuu mbili. Mwaka huo una maana yake. Wakati ule majalada ya serikali ya Uingereza yalifunguliwa baada ya miaka 50, na karatasi za 1914 ndiyo kwanza zilikuwa zimetimiza umri.

Mbinu ya Lamb ilikuwa ya kuchosha na ndiyo maana ilifaa. Kila karatasi aliiuliza: iliandikwa siku gani, na aliyeiandika alikuwa amekwisha kusoma nini? Kwa njia hiyo alionyesha kwamba McMahon alikuwa mbele ya wakubwa wake wa London, ambao walijua fika kikwazo cha mwaka 1907. Alionyesha pia kwamba kati ya 1914 na 1935 Waingereza hawakuusimamia mstari ule. Serikali ya India haikukipenda kitabu. Haikuwa na haja ya kukichukia, maana hoja ileile ilijibiwa kwa umakini na mwanahistoria Parshotam Mehra mwaka 1974, aliyeyasoma majalada yaleyale akayaona kwa jicho la huruma zaidi kwa Delhi.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu walikufa kwa ajili ya mambo haya, tazama ramani yenyewe. Ilichorwa kwa kipimo cha maili 8 kwa inchi, na mstari ukapigwa kwa wino mwekundu. Kwa kipimo hicho milimita 1 ya wino ni nusu kilomita ya mlima. Mwisho wake wa magharibi, karibu na Bhutan, mstari ulipita kusini mwa ukingo wa Thagla, kwa sababu mchoraji hakuwa na upimaji kamili wa mahali pale. Baadaye India ikadai kwamba nia ya McMahon ilikuwa kufuata kilele cha juu, hivyo mpaka ni Thagla. China ikajibu kwamba hata mkiuhesabu mstari msiotakiwa kuuhesabu, haufiki huko. Juni 1962 India ikaweka kituo cha Dhola kando ya mto Namka Chu, chini ya ukingo ule. Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba majeshi ya China yaliuvuka mto, na vita vikawaka hadi tarehe 21 Novemba.

Kabla ya hapo historia ilikuwa imekwisha kufanywa idara ya serikali. Sarvepalli Gopal, mkuu wa kitengo cha historia katika wizara ya mambo ya nje ya India, alikwenda London mwaka 1959 kupekua nyaraka, akarudi na kumwambia waziri mkuu Nehru kwamba dai la India juu ya Aksai Chin, upande wa Ladakh, lina nguvu kuliko la China. Lamb aliyasoma mambo ya Ladakh kwa namna nyingine, akikumbusha kwamba mwaka 1899 Waingereza wenyewe waliipendekezea China mpaka ambao ungeiachia sehemu kubwa ya Aksai Chin. China haikujibu barua ile. Pendekezo lisilojibiwa ni mali ya nani? Mwanahistoria anaweza kuliacha swali hilo wazi. Waziri mkuu anayesubiriwa na bunge hawezi.

Na Kashmir? Hapo ndipo namwacha Lamb aende peke yake sehemu ya njia. Katika Kashmir: A Disputed Legacy (1991) na vitabu viwili vilivyofuata, alishikilia kwamba Maharaja Hari Singh wa Kashmir hakuweza kutia saini hati ya kujiunga na India tarehe 26 Oktoba 1947, kwa sababu siku hiyo alikuwa barabarani kutoka Srinagar kwenda Jammu, na kwamba wanajeshi wa India walishuka Srinagar asubuhi ya tarehe 27, hivyo huenda walitangulia saini. Kuhusu ratiba hoja yake ni nzito, na simulizi ya V. P. Menon, ofisa aliyesema aliipeleka hati Jammu siku ya tarehe 26, imebaki na matundu. Lakini Lamb hakuishia hapo. Kutoka tarehe inayotiliwa shaka akaruka hadi kuuliza kama hati ilitiwa saini hata kidogo. Mwaka 1996 Prem Shankar Jha alimjibu akitumia, pamoja na mengine, ushuhuda wa ofisa wa jeshi Sam Manekshaw, aliyesafiri na Menon kwenda Srinagar tarehe 25, kudai kwamba saini ilipatikana kabla Maharaja hajaondoka. Na Jha naye anategemea kumbukumbu ya mzee baada ya karibu miaka 50. Katika Himalaya Lamb alikuwa na juzuu mbili za kulinganisha. Kashmir alikuwa na pengo, akalijaza.

Kuna upungufu mwingine ambao haumhusu yeye tu. Tawang ina monasteri iliyojengwa miaka ya 1680, na Dalai Lama wa sita alizaliwa karibu nayo mwaka 1683. Wamonpa wanaoishi pale waliendelea kutozwa kodi na maofisa wa Tsona, upande wa Tibet, miaka mingi baada ya 1914, na hali hiyo ilikoma Februari 1951 Meja Bob Khathing alipofika na kikosi chake na kuweka utawala wa India. Katika majalada aliyoyasoma Lamb, Wamonpa wanatajwa kama walipakodi na wabeba mizigo. Nani angewauliza wanajiita raia wa wapi? Wajumbe wa Simla walikuwa wakigawa vilele na mabonde.

Oktoba 2008 Uingereza ilitamka kwamba inaitambua Tibet kuwa sehemu ya China, ikaacha msimamo wake wa zamani wa kuipa China mamlaka yenye mipaka tu. Tamko lilitolewa bila kelele, ila wasomaji wa McMahon waliona linakogonga: kama Tibet haikuwa na uwezo wa kufunga mkataba, barua za Machi 1914 zinasimama juu ya nini? Delhi haihitaji barua hizo ili kulitawala jimbo la Arunachal Pradesh, ambamo Tawang imo. Inazihitaji pale mwanasheria wa China anapouliza.

Kwa upande wake, India bado haijautoa hadharani uchunguzi wa jeshi lake kuhusu 1962, ulioandikwa na Jenerali Henderson Brooks na Brigedia Bhagat. Sehemu yake iliwekwa mtandaoni mwaka 2014 na Neville Maxwell, mwandishi wa habari aliyeripoti vita vile akiwa Delhi. Mtafiti kijana wa Guwahati anayetaka kujua serikali ya Delhi iliandika nini kuhusu Tawang mwaka 1914 huomba viza ya Uingereza. Anayetaka kujua ya mwaka 1962 hana viza ya kuomba.