Thamani zinazokosekana katika majedwali ya wavuti

Thamani inayokosekana ni nafasi katika jedwali la data isiyo na kitu cha kuonyesha, ama kwa sababu taarifa haijulikani, haijafika, au haihusiki kabisa na mstari ule. Katika programu za wavuti nafasi hiyo hupita mikono mingi, kuanzia hifadhidata hadi seva, kisha kivinjari, na kila mmoja una desturi yake. Mwishowe msomaji huweza kukuta neno null, sifuri ya uongo, au kisanduku cheupe kisichosema lolote.

Upotevu huanzia kwenye hifadhidata. Edgar F. Codd, mtaalamu wa IBM aliyetangaza muundo wa hifadhidata za uhusiano mwaka 1970, baadaye alipendekeza alama mbili tofauti: moja ya kitu kilichopo ila hakijulikani, nyingine ya kitu kisichohusika. Lugha ya SQL ilibaki na alama moja tu, NULL. Kwa hiyo mteja ambaye namba yake ya simu haikuandikwa na mteja asiye na simu kabisa huonekana sawasawa, na sababu ikishapotea hapo hakuna ufundi wa ukurasani utakaoirudisha.

JavaScript ina namna mbili za utupu, null na undefined, na tabia zake ni za kushangaza. Ikilazimishwa kuwa namba, null huwa 0, ilhali undefined huwa NaN, yaani “si namba”. Ikigeuzwa kuwa tarehe, null huwa usiku wa manane wa Januari 1, 1970 kwa saa za UTC, yaani saa tisa usiku kwa Nairobi na Dar es Salaam. Mtu ambaye hajalipa kitu ataonekana amelipa mwaka 1970. Kosa la upande wa pili hutokana na alama ||, ambayo waandishi wengi wa programu huitumia kuweka kistari palipo wazi: huifuta hata sifuri halali, na duka lililoishiwa bidhaa likaonekana halijahesabu mali yake. Alama ??, iliyoingizwa rasmi mwaka 2020, hugusa null na undefined peke yake.

Maktaba za majedwali nazo hutofautiana. Katika DataTables, mstari ukikosa kabisa sehemu ambayo safu inaitarajia, kwa kawaida hutokea dirisha la onyo. Sehemu ikiwepo lakini ikiwa null, kisanduku hubaki kitupu kimyakimya. Mpangilio wa defaultContent, unaoweka maandishi mbadala, hutibu hali zote mbili, na ni vyema uwekwe kwa kila safu inayoweza kukosa data.

Kupanga na kujumlisha huathirika pia. Kutoka ndogo kwenda kubwa, PostgreSQL huweka NULL mwishoni na MySQL huiweka mwanzoni, hivyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine hubadilisha ukurasa wa kwanza bila data kubadilika. Wastani wa 40, 60 na thamani isiyojulikana ni 50 kwa SQL, kwa kuwa NULL hurukwa. Anayejaza sifuri hupata 33.3.

Kuhusu alama ya kuonyesha, takwimu za Benki ya Dunia hutumia nukta mbili mfululizo (..) kwa data isiyopatikana. Baraza la Mitihani la Kenya linakwenda mbali zaidi: X ni ya mtahiniwa aliyekosa mtihani, Y ya matokeo yenye kasoro za udanganyifu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayochanganywa na gredi ya chini kabisa. Huo ndio utaratibu bora kuliko kistari kimoja kwa kila kitu. Wengine hukichora kistari kwa CSS, wakitumia :empty, lakini nafasi moja tu ya herufi ndani ya kisanduku inatosha kukwamisha kanuni hiyo. Kwa mtumiaji asiyeona, kisoma skrini huenda kikakiruka kistari kama alama ya uakifishaji; maneno mafupi kama “haijapokelewa” au “haihusiki” husomeka kwa wote.