Miche Sitini na Miwili: Dkt. Richard Hindorf na Mkonge wa Korogwe na Handeni

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za bwana shamba wa Kijerumani, tena asiyekuwa mmisionari, ndani ya kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia. Lakini atakayetaka kujua sababu ya watu wa makabila mengi hivi kukutana katika bonde la mto Pangani hana budi kuanza na mtu huyu.

Dkt. Richard Hindorf alizaliwa mwaka 1863, akasomea kilimo, na kisha akaja Afrika katika utumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta zao la kustahimili ukame wa nchi tambarare. Mwaka 1892 Hindorf alisoma katika jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, habari za mkonge, mmea wa Yukatani, Meksiko. Kwa kuwa Meksiko haikutaka kuutoa mmea wake nje, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. (Wako wanaosimulia kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, lakini mwenye kununua kwa fedha dukani haimlazimu kuficha.)

Safari ilikuwa ndefu. Miche ipatayo 200 tu ilifika Hamburg ikiwa hai, na mwaka 1893 iliyopona hata kuufikia mwambao wetu ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hapo ndipo uhodari wa Hindorf ulipoonekana, maana miche hiyo michache ililelewa kitaluni na kuzalishwa kwa subira, hata kufikia mwaka 1898 mimea ilikuwa 63,000. Mwaka 1900 singa za kwanza, takribani tani 7, ziliuzwa ng'ambo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Mwaka 1913 koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000.

Kupanda ni jambo moja. Kukata ni jambo jingine. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na utomvu wake huwasha ngozi. Tena halingoji: likishakatwa sharti lifikishwe kwenye korona upesi kabla halijakauka. Wazigua wa Handeni na majirani zao wengi walipendelea mahindi na mtama wa mashamba yao wenyewe, wala hatuwezi kuwalaumu. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, utawala wa Kijerumani uliwagawia wanaume vipande vya kuwalazimisha kufanya kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Wakati wa Waingereza wakaletwa manamba, watu walioitwa kwa namba kabla ya majina: Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Warundi, Wabena na wengineo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwaandikisha na kuwasafirisha.

Kwa maoni yetu, sifa za Hindorf hazipaswi kuandikwa pasipo kuwataja watu hao. Yeye alileta miche 62. Wao waliifanya kuwa utajiri wa nchi. Miongoni mwao walikuwamo waliotoka Nyanda za Juu Kusini, ambako Misheni ya Berlin ilianza kazi mwaka 1891, nao walipohama hawakuiacha imani yao nyumbani. Katika kambi za mashamba, ambako mtu na jirani yake hawakuelewana kwa lugha za mama zao, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya sala.

Hindorf alifariki Berlin mwaka 1954, Tanganyika ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kwa mkonge. Kilele kilifikiwa mwaka 1964, zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani zipatazo 20,000. Manamba wengi walirudi makwao. Wengine walibaki, wakapata viwanja Korogwe na Handeni, wakaoa, wakazika wazee wao hapa.