Peugeot 504: Jinsi ya kuchagua na kutunza gari la kale

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Hata hivyo, wapo Wakenya ambao huyapita magari mapya na kuisaka Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968 na kutawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka wa 1969.

Sifa zake humu nchini zilitokana na ustahimilivu katika barabara mbovu. Ove Andersson alishinda mashindano ya Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili mwaka wa 1978. Ile ndefu yenye safu tatu za viti ilihudumu kama matatu ya masafa marefu. Magari haya yaliendelea kuundwa Kenya hadi mwaka wa 2004, kwa hivyo hata lile changa kabisa limepita umri wa miaka 20.

Kosa la wanunuzi wengi ni kusikiliza injini na kusahau bodi. Injini ya petroli ya 504 hutengenezeka. Slivu ambamo pistoni hupanda na kushuka huzungukwa na maji, na zikilika huchopolewa na kutiwa nyingine bila kuchonga bloku. Bodi iliyoliwa na kutu, kinyume chake, humaliza akiba ya mwenyewe.

Kabla ya kulipa, inua zulia utazame sakafu. Kagua kingo za chini ya milango, pamoja na mahali shokamzoba za mbele zinaposhikana na bodi. Pitisha sumaku juu ya rangi. Isiponata, huenda hapo pamezibwa kwa puti. Hakikisha pia kwamba nambari za chasisi na injini zinalingana na zile zilizo katika cheti cha umiliki. Gari lisilo na stakabadhi halali halifai kununuliwa, hata bei ikiwa ya kutupa.

Adui mkuu wa injini hii ni joto. Kifuniko cha silinda ni cha aluminiamu, na injini ikichemka kupita kiasi hupinda na kuunguza gasketi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ishara kwamba maji yamepenya ndani. Mwenye gari anapaswa kuangalia maji ya rejeta kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, kusafisha rejeta na kubadilisha mipira ya maji ingali haijapasuka.

Kabureta na pointi hazihitaji kompyuta, bali fundi mwenye sikio na mkono mtulivu. Vipuri hutafutwa katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au katika magari yaliyokwisha kuzeeka. Mpenzi wa 504 mwenye busara huweka kando kioo cha mbele na taa mapema, maana vitu hivyo havichongwi karakanani.

Vipuri vinaweza kuhifadhiwa stoo, ujuzi hauwezi. Mafundi waliolelewa na magari haya wanazeeka. Kwa sababu hiyo, mwenye gari afadhali aandike daftarini kila kilichotengenezwa, na ahimize vijana wa karakana wasimame kando ya mzee anaporekebisha vali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.