Damu ya kidonda hukomaje?

Ukijikata kidole kwa kisu, damu hutoka kwa dakika chache kisha hukoma. Katika makala haya tunaeleza nini huizuia, na kwa nini kwa baadhi ya watu haikomi upesi.

Ndani ya damu mna chembe ndogo ziitwazo chembe sahani. Katika milimita moja ya ujazo, mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000. Kwa kawaida huelea bila kushikana. Kila chembe ina vipokezi, yaani protini zilizojitokeza nje, ambazo hushika vitu maalumu tu, kama kufuli na ufunguo wake.

Mshipa ukikatika, nyuzi za kolajeni katika ukuta wake hubaki wazi. Protini ya damu iitwayo von Willebrand hunata kwenye nyuzi hizo, na chembe sahani huishika kwa kipokezi chake cha kwanza. Hapo chembe huamka. Kipokezi cha pili, cha jamii ya integrini, ambacho kilikuwa kimejikunja, hunyooka na kushika fibrinojeni. Protini hii ni ndefu: ncha moja hushikwa na chembe hii, nyingine na chembe jirani. Ndivyo kizibo kinavyojengeka.

Mwaka 1918, daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, alieleza ugonjwa ambao chembe sahani zipo za kutosha lakini hazifanyi kazi. Baadaye ilibainika kwamba integrini hiyo hukosekana au ni mbovu. Ugonjwa huu ni nadra na hurithiwa. Upungufu wa protini ya von Willebrand ndio hupatikana zaidi.

Dalili ni kutoka damu puani mara kwa mara, hedhi nzito mno, au damu isiyokoma baada ya kung'oa jino. Ukiwa nazo, au zikiwa katika ukoo wenu, mweleze mganga kabla ya upasuaji au tohara. Usimeze aspirini bila ushauri wake, kwani hudhoofisha chembe sahani kwa siku kadhaa.

Ukijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, ili kizibo kisibanduke. Damu isipokoma, endelea kukandamiza na uwahi kituo cha afya.