Kikoi cha Kwanza: Historia ya Vazi la Kiunoni Katika Pwani Yetu

Kijana wa Juani, kisiwa kilichoko kusini-mashariki ya Mafia kuu, akishapita umri wa kaptula na kuanza kusimama safu moja na watu wazima msikitini, hupata haja ya nguo ambayo si rahisi kuichagua katika vijiduka vya kijijini. Basi hupanda mashua akavuka mpaka Utende, akashika njia ya Kilindoni, na aghalabu hafuatani na mwenzake wa rika moja bali na mtu aliyemzidi umri, mjomba au baba mdogo, kwa kuwa kikoi cha kwanza chataka jicho lililozoea. Nguo yenyewe ni sahili: kipande cha pamba cheupe, mistari ya rangi pembeni, matamvua katika ncha zake mbili, wala hakina kifungo, wala mfuko, wala mshono. Usahili huo umewafanya wengi wadhani kwamba kitu kama hicho hakina historia ya kusimuliwa. Mimi naona kinyume cha hayo, na nitajaribu kuonyesha kwamba vazi la kufunga kiunoni lina ushahidi wa kale kabisa katika pwani hii, na kwamba ujuzi wa kulichagua umekuwa, kwa nyakati mbalimbali, nguvu iliyotikisa viwanda vya mbali.

Shahidi wa kutegemewa ni Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliyeshuka Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea na safari yake mpaka Mombasa na Kilwa. Yeye ameandika kwamba alipokelewa kwa taadhima na kuletewa libasi ya wenyeji, na katika libasi hiyo mlikuwamo nguo ya hariri ya kufungwa kiunoni mahali pa suruali, maana suruali watu wa mji ule walikuwa hawaijui. Na pamoja nayo akapewa nguo ya kitani ya Misri yenye nakshi, na kilemba. Akaongeza kwamba nguo zilizofumwa katika mji ule zilikuwa zikisafirishwa hata Misri. Khabari hii ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa yatuonyesha watu waliokuwa wakifuma nguo za kuuza ng'ambo, ambao walipotaka kumtukuza mgeni mwanachuoni hawakuona haya kumfunga shuka ya kwao, bali waliiona kuwa ndiyo heshima yenyewe.

Kusini zaidi, Kilwa, Neville Chittick alipochimba magofu katika miaka ya 1960 alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo vilitiwa katika kijiti cha kusokotea uzi ili vikipe uzito wa kuzunguka. Ni dalili dhahiri kwamba pamba ilisokotwa papo hapo. Naye Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, asimulia kwamba Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba yao wenyewe, na kwa kuwa walikosa rangi, walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe. Tafadhali msomaji, tua hapa kidogo. Nguo iliyokwisha kufumwa na fundi wa Kihindi, ikalipiwa dhahabu, ikavuka bahari kwa pepo za kaskazi, ilifumuliwa kwa sababu mnunuzi alikuwa na mapendeleo yake na hakuridhika na ya mwingine. Siwezi kutazama kikoi cheupe chenye mistari ya rangi nisiwakumbuke wafumaji wale wa Sofala.

Katika upande wa magharibi wa Juani yamo magofu ya Kua, mji uliokuwa na misikiti, majumba ya mawe na makaburi yaliyojengwa kwa ustadi, ambao uliangamizwa na Wasakalava waliotoka Bukini, yaani Madagaska, kwa ngalawa, katika karne ya 19. Baada ya maangamizi hayo, Chole, kisiwa kidogo kilicho jirani, kikawa makao ya matajiri na biashara ya Mafia. Wakati huohuo soko la nguo la pwani nzima lilikuwa likigeuka. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya Salem yakaja Unguja na pamba nzito isiyotiwa rangi, ambayo watu waliiita merikani na kuipenda mno. Ikapimwa kwa mikono, minne kwa shuka moja na minane kwa doti, yaani wari mbili na wari nne. Kando ya merikani palikuwa na kaniki iliyotiwa nili, na nguo za wenye uwezo, debwani, sahari na barsati, zilizotoka Kachi na Maskati, na vikoi vilivyotiwa taraza ya hariri.

Waingereza waliona faida ya merikani wakataka kuiigiza. Walileta nguo ya Manchester iliyofanana nayo kwa macho, lakini uzito wake mwingi ulikuwa wa dondo, na wateja wa Afrika ya Mashariki waliifahamu mara moja, wakaikataa. Matajiri wa Ulaya walidhani wanawauzia watu wasiojua kitu. Kumbe walikuwa wakiwauzia mabingwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoiadimisha merikani kwa kukosekana pamba viwandani, na hatimaye nguo za viwanda vya Bombay zikachukua mahali pake, lakini hata hizo zilibidi kufuata matakwa ya mnunuzi wa hapa.

Hata hivyo ni lazima kusema, na kusema waziwazi, kwamba si kila mtu alikuwa mnunuzi. Mashamba ya minazi ya Mafia yalilimwa na watumwa, na mtumwa alijulikana kwa nguo yake: merikani tupu au kaniki, kipande kifupi, kwa kadiri apendavyo bwana. Kikoi chenye taraza, kanzu na kilemba vilikuwa alama za uungwana. Utumwa ulipoondolewa Unguja mwaka 1897, watu walioachwa huru waliharakisha kujivika mavazi ambayo jana yake yalikuwa haramu kwao kwa desturi. Huku kwetu Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa haikuja ila mwaka 1922. Kwa hiyo wako wazee waliokufa katika zama zetu ambao babu zao hawakuwa na hiari ya kuchagua hata rangi ya ukingo wa nguo. Kijana anayesimama leo mbele ya mwenye duka akasema hiki sikitaki, nipe kile, anatumia haki ambayo umri wake ni mfupi kuliko anavyofikiri.

Watu wa Skoti wana jambo linalokaribiana na hili. Vazi lao la kiunoni la sufu, linaloitwa kilt, lilipigwa marufuku pamoja na mavazi mengine ya watu wa milimani kwa sheria ya mwaka 1746, baada ya maasi dhidi ya mfalme, nalo halikuruhusiwa tena mpaka 1782. Kilt ya kimila hula wari 8 za nguo, ambazo kwa hesabu ya wazee wetu ni doti mbili kamili, na fundi humpima mtu kiuno na nyonga kabla ya kuikunja marinda. Kikoi hakipimwi mtu. Mtu hujipima nacho. Hukiegemeza tumboni, akaona kama kinazunguka na kubakiza sehemu ya kukingama, na kama upana unatoka juu ya kitovu hata karibu ya mafundo ya miguu, kwa kuwa sitara ya mwanamume baina ya kitovu na magoti ni jambo la sharia, na nguo inayoburura si adabu. Akiwa mvuvi atafikiri pia kama chatosha kupigwa uwinda kwenye maji.

Kisha huja kazi ya vidole. Mjomba hukishika kona, akakifikicha baina ya kidole gumba na cha shahada, akakiinua mlangoni penye mwanga. “Mwanangu, hili ni dondo tupu,” humwambia mpwawe kwa sauti ya chini ili asimvunjie mwenye duka heshima, “likishafuliwa utaona mifupa yake.” Kilichofumwa sawasawa hakiachi unga mkononi, na nyuzi zake hukaa zimeshikamana hata kikivutwa mshazari. Rangi za ukingo hujaribiwa kwa kitambaa kilicholowa, maana kikoi kitavaliwa ndani ya kanzu nyeupe, na rangi inayochuja itaiharibu Idi nzima.

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba jina la kikoi lisajiliwe huko kuwa alama yake ya biashara. Wakenya wakapinga, nao walifanya vyema, na ombi likaachwa. Leo vikoi vizito vyenye taulo ndani hutengenezwa kwa ajili ya wageni wa pwani za utalii, nami sina neno navyo, ila kijana wa Juani havitaki, kwa kuwa havikauki upesi wala havikai kiunoni. Yeye hutafuta chepesi chenye uzi mkali, na mwisho kabisa hutazama matamvua, ambayo katika vikoi vizuri husokotwa kwa mkono, fungu kwa fungu, aghalabu na wanawake. Kama mafungu hayo hayalingani, au mafundo yake yamelegea, mjomba hukirudisha juu ya meza na kuomba kingine.